Chukudu yetu haina kibao cha kilo
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama)



Leo hatutasema juu ya mbegu. Tutasema juu ya chukudu. Wakati tulirudi Masisi na Walikale, wengi wetu hatukukuta hata jembe. Kwa sisi wa Masisi, kitu cha kwanza sanduku yetu ilinunua ni chukudu, maana bila kushusha viazi na maharagi mpaka Sake, hakuna chumvi, hakuna minerval ya watoto. Mjini Goma chukudu ilisimamishiwa sanamu, na ni haki yake.

Lakini sanamu haishuki mlima. Sisi njo tunashuka.

Msimu uliopita, mmoja wetu alitoka upande wa Mushaki na mvua. Aliongeza gunia moja, sababu mnunuzi analipa kwa gunia, na yeye alikuwa na deni. Mpira wa freni ulikuwa umekwisha kulika. Kwenye kona alikanyaga, haikushika. Akaangusha mzigo ndani ya mfereji ili asigonge mama waliokuwa wanapanda na makala. Mguu ulivunjika. Sanduku ililipa hospitali, pesa ya mbegu ikaenda. Hatumlaumu. Tulikuwa pale akipakia, na hakuna aliyefungua kinywa.

Ndugu yetu mmoja aliyefanya kazi ya depo anaijua foklifti, ile mashine ya meno mawili ya chuma. Anasema iko na kibao kinachoonyesha kilo inazoweza, na dereva hapiti pale. Akitembea, mzigo unakaa chini. Akishuka mtelemko na mzigo, anashuka kinyumenyume, ili mzigo ubaki upande wa mlima.

Chukudu ni miti, mpira na rulma, hakuna kibao. Basi kibao ni sisi wenyewe. Tulipatana hivi:

Asubuhi, kabla ya kupakia, watu wawili wanaangalia freni, rulma na misumari. Mpira ukilika, chukudu inalala.

Gunia nzito zinakaa chini, katikati, zimefungwa kamba. Msukumaji lazima aone njia mbele.

Kwenye mtelemko mkali, mwenzake anashika kamba nyuma. Mvua ikinyesha, tunangoja.

Mtoto hapandi juu ya mzigo, hata akilia.

Na mwanachama yeyote, hata kijana, anaweza kusema «punguza». Akisema, tunapunguza. Mwenye deni aje kwa sanduku, tuzungumze. Asilipe kwa mguu wake.

Wasaidizi wetu, sehemu ya mchango wenu sasa itanunua mpira na kamba. Ni kitu kidogo, hakipendezi kwenye picha. Lakini gunia iliyobaki nyumbani itauzwa kesho. Mguu hauuzwi Sake.

Mungu atulinde njiani, na sisi tuangalie freni.