Maji Ndani ya Upepo: Kwa Nini Breki za Malori Huganda, na Namna ya Kuzilinda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kila mwezi)



Katibu wetu ameniomba nieleze jambo lililoulizwa na wanachama zaidi ya mmoja, hasa wale wenye ndugu zao wanaoendesha malori makubwa huko Marekani na Kanada. Ndugu hao huandika kwamba wakati wa baridi kali breki za upepo huweza kushikwa na barafu, na lori likashindwa kusimama, au likashindwa kuondoka. Basi wanachama wameuliza: Je, upepo huganda? Na kama haugandi, barafu hiyo yatoka wapi?

Jibu lake ni fupi. Upepo haugandi kwa baridi yo yote ya nchi wanazokaa watu. Kinachoganda ni maji yaliyomo ndani ya upepo. Kwa hiyo mtu atakaye kuilinda breki yake na barafu asianze kupigana na baridi, maana baridi haimtii mtu. Na aanze kupigana na maji, tena mapema, kabla baridi haijafika. Hilo ndilo neno langu lote la leo. Yatakayofuata ni maelezo yake.

Kwanza tuijue breki yenyewe. Mwaka 1869 Mmarekani mmoja, jina lake George Westinghouse, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa breki ya upepo kwa magari ya moshi. Breki yake ya kwanza ilikuwa na kasoro: upepo ulipelekwa kutoka kwenye injini mpaka kwenye magurudumu wakati wa kufunga breki tu, na bomba likikatika njiani breki zote zilipotea. Mwaka 1872 alileta breki ya namna nyingine. Katika hiyo, kila behewa lina mtungi wake wa upepo, na bomba la garimoshi hujaa upepo wakati wote. Upepo wa bomba ukipungua, breki hujifunga. Busara ile ndiyo iliyorithiwa na malori ya leo. Katika lori, springi zenye nguvu hukaa nyuma ya breki, nazo huzuiwa na upepo zisifunge. Upepo ukishuka mpaka kati ya ratili 20 na 45 kwa kila inchi ya mraba, springi hizo hujifunga zenyewe. Lori likiwa zima huwa na upepo wa ratili 100 na zaidi.

Mwenye kusikia hayo atasema, "Basi hapana hatari, maana upepo ukikosekana gari husimama." Lakini sivyo kabisa. Breki hii husema na magurudumu kwa njia ya mabomba membamba na vali zenye vitundu vidogo. Punje ya barafu ikikaa katika tundu la vali, mitungi yaweza kuwa imejaa na mshale wa saa ya upepo ukaonyesha vizuri, walakini dereva akikanyaga, upepo haupiti kwenda kwenye gurudumu. Au umepita, na akiachia hauwezi kutoka, gurudumu likabaki limefungwa na kuburutwa juu ya barabara ya theluji. Katika hali zote mbili saa haikusema uwongo. Imepima upepo wa mtungini tu, wala haikuulizwa habari za njiani.

Sasa tuje kwenye maji. Hewa yote tunayovuta ina mvuke wa maji, na kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kuchukua mvuke mwingi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digri 30 za Sentigredi yaweza kuchukua gramu 30 za maji. Katika digri 20 huchukua gramu 17 tu. Katika digri 0, gramu 5 hivi. Na katika digri 20 chini ya sifuri, gramu 1 tu.

Kwa kuwa wengi wetu ni makarani, na tufanye hesabu. Chukua mita 8 za ujazo za hewa ya digri 20, ambayo kila mita ina gramu 10 za mvuke, kama ilivyo siku ya kawaida. Jumla ni gramu 80. Kompresa ya lori huishindilia hewa hiyo mpaka mita 8 zinakuwa mita 1. Huo ndio upepo wa ratili 100 hivi. Inapotoka katika kompresa hewa huwa ya moto sana, na maji yote bado ni mvuke. Lakini ikifika mtungini na kupoa mpaka digri 20, ile mita moja haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17, ijapokuwa imeshindiliwa. Gramu 63 zilizobaki hugeuka kuwa maji. Na ikipoa mpaka digri 0, maji huwa gramu 75. Lori lisimamalo na kuondoka mchana kutwa hushindilia hewa nyingi, na siku zikipita, maji yasiyotolewa hujaa chini ya mtungi, pamoja na mafuta kidogo yanayopenya kutoka kwenye kompresa.

Mtaona basi kwamba maji haya hayangoji nchi ya baridi. Yamo katika malori na mabasi yetu ya hapa pia, tena zaidi, kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina mvuke mwingi. Huku hayagandi aghalabu, ingawa nyanda za juu, kama Makete na Njombe, huona sakitu miezi ya Juni na Julai. Lakini hata yasipoganda huleta kutu ndani ya mitungi, na husafisha grisi ndani ya vali. Huku ni mwizi wa mchana. Kule ni mwuaji wa usiku.

Na isije ikadhaniwa kwamba baridi huidhuru breki kwa njia hii moja tu. Tarehe 4 Februari 2019, karibu na mji mdogo wa Field katika jimbo la British Columbia, Kanada, garimoshi lenye mabehewa 112 ya nafaka lilikuwa limesimamishwa kwenye mteremko kwa breki za dharura, katika baridi ya digri 28 hivi chini ya sifuri. Likaanza kutembea lenyewe, likazidi mbio, likaanguka, na wafanyakazi 3 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba katika baridi ile kali upepo ulivuja kutoka katika silinda za breki, nguvu ya kushika ikapungua. Msiba huo haukutokana na barafu ndani ya bomba, bali na kuvuja. Nimeutaja ili tuone kwamba breki ya upepo ikidhoofika haipigi kelele, na kwamba anayelipa si kifaa, ni mtu.

Baada ya kumjua adui, tutazame silaha. Nitazitaja kwa utaratibu wake, maana utaratibu wenyewe ni sehemu ya dawa.

Ya kwanza ni koki ya mtungi. Chini ya kila mtungi pana koki ya kutolea maji. Yapasa kufunguliwa kila siku, bora jioni kazi ikiisha, wakati mtungi ungali na joto na maji hayajaganda. Huanzwa na mtungi ulio karibu na kompresa, unaoitwa mtungi wa maji, kwa sababu ndio unaopokea hewa kwanza, kisha mingine. Koki iachwe wazi mpaka hewa itoke kavu. Fundi mwangalifu hutazama pia rangi ya kinachotoka. Maji matupu ni desturi; mafuta mengi, au uji mweupe kama maziwa, ni habari kwamba kompresa inapitisha mafuta, au kikaushi kimechoka.

Ya pili ni kikaushi cha hewa. Hiki ni kopo kubwa lililowekwa kati ya kompresa na mitungi, nalo limejaa punje zinazonasa mvuke. Upepo ukifika kiasi chake cha juu, kompresa hupumzika, na hapo vali iliyo chini ya kopo hufunguka, hewa kavu kidogo hurudi nyuma kupitia punje na kuyasukuma maji nje. Ndiyo ile sauti ya "psss" mnayoisikia chini ya basi. Vali hiyo ina kikanza kidogo cha umeme, maana nayo yaweza kuganda: ikiganda hali imefunguka, upepo unaotoka kwenye kompresa hukimbia nje; ikiganda hali imefungwa, maji hubaki ndani. Basi kabla ya miezi ya baridi mambo mawili hutazamwa: kopo limebadilishwa kwa muda uliowekwa na watengenezaji, na kikanza kinapata umeme.

Ya tatu ni spiriti. Zamani, kabla vikaushi havijaenea, malori mengi ya nchi za baridi yalikuwa na chupa ya spiriti ambayo mvuke wake ulichanganyika na upepo na kuyazuia maji yasigande. Mengine yangali nayo. Chupa hiyo hutazamwa kila siku wakati wa baridi, na kuwa nayo hakumwondolei dereva kazi ya kutoa maji mitungini. Lakini kuna watu wanaofungua bomba na kumimina spiriti ndani kwa mkono, au hata dawa ya rejeta. Hiyo si tiba. Spiriti nyingi huosha grisi na kukausha mipira ya vali, na dawa ya rejeta huiharibu kabisa. Leo breki hupona, na mwezi ujao huvuja.

Ya nne ni usafi wa maungio. Tela likiachwa uwanjani, vichwa vya mipira yake ya upepo vifunikwe, theluji isiingie. Na bomba lisiachwe likining'inia na kufanya tumbo, kwa sababu maji hutulia katika tumbo hilo, na hapo ndipo barafu huanzia.

Ya tano ni kuegesha. Breki zikiwa zimelowa sana, na baridi ni ya kugandisha, dereva asizifunge na kulala. Lainingi huweza kugandamana na drami, na asubuhi gari lisiondoke. Aliweke mahali pa sawa, na magurudumu yazuiwe kwa vipande vya mbao.

Na kama barafu imekwisha ingia? Lori lisiendeshwe, hata kama safari ni fupi. Wala mtu asiwashe moto chini ya mabomba, maana mengi ni ya plastiki na mpira, na karibu yake pana mafuta. Lipelekwe kwa kuvutwa mpaka banda lenye joto, liachwe liyeyuke, kisha mitungi yote itolewe maji. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana. Barafu iliyoyeyuka haikuondoka, imegeuka maji tu. Lori likirudi nje nayo hurudi kuwa barafu, pengine mahali pabaya zaidi.

Mabibi na Mabwana, mwaweza kusema kwamba hayo yote ni kazi ya dereva na fundi, na karani yamhusu nini? Yamhusu sana. Kopo la kikaushi haliingii karakana ila kwa fomu. Fomu hiyo ikilala juu ya meza wiki sita kwa kuwa saini moja haikupatikana, maji hayakulala. Yaliendelea kukusanyika kila siku. Daftari la ukaguzi la gari lina mstari wa kutoa maji mitungini. Mstari huo ukijazwa kwa kalamu bila koki kufunguliwa, karatasi imekuwa kavu na mtungi umebaki na maji. Na msimamizi akimhimiza dereva aondoke upesi ili hesabu ya safari itimie, zile dakika tano za koki ndizo za kwanza kukatwa.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Katika jambo letu, tahadhari ina saa yake: ni jioni, mtungi ungali na joto. Na ina mwezi wake: ni kabla ya baridi. Aliyekosa saa hiyo hataipata asubuhi, wakati tone limekuwa jiwe.

Kwa hiyo wenye ndugu ng'ambo na wawaandikie hivi: usiutumaini mshale wa saa peke yake, fungua koki kwa mkono wako. Na sisi tulio hapa, tunaoshika fomu na daftari, tusiandike neno "imekaguliwa" mpaka kitu kimekaguliwa, wala tusiiache fomu ya kipuri cha breki ilale mezani hata usiku mmoja. Gari litakalosimama vizuri juu ya mteremko halitatutaja majina, lakini watu waliomo watafika kwao.

Mwenye swali na aulize.