Vichwa vya Habari Visivyo na Miili



Nimetakiwa niseme machache juu ya magazeti ya zamani, tena niwachekeshe. Kuwachekesha si kazi ngumu, kwani magazeti yenyewe yamekwisha kuifanya. Kila gazeti huandika juu ya habari maneno machache makubwa, nayo huitwa kichwa. Ada ya kichwa ni kukaa juu ya mwili. Lakini mara nyingine kichwa hutangulia, na mwili ungali njiani unakwenda zake, wala haujui kwamba umekwisha kutangaziwa matanga.

Mfano wa kwanza hautoki mbali. Machi 1866 Dakta Livingstone alifika kinywani mwa mto wetu wa Rovuma. Mikoko ikamzuia kuteremsha ngamia wake, akaenda kushukia Mikindani. Toka huko akaufuata mto kwenda bara, akapita Ngomano, hapo Lugenda inapoungana na Rovuma. Miongoni mwa watu wake walikuwamo kumi wa kisiwa cha Nzwani, na mkubwa wao ni Musa. Walipofika nchi za Ziwa Nyasa wakasikia kwamba mbele kuna Mazitu. Musa na wenziwe wakaona kuwa mshahara ni kitu kizuri, lakini shingo ni kitu kizuri zaidi. Septemba wakageuka.

Desemba wakawasili Unguja. Sasa, mtu aliyemwacha bwana wake njiani atasema nini? Musa alisema kuwa bwana ameuawa na Mazitu kwa shoka. Yeye alikuwa amejificha, akaona yote, kisha akatoka akamzika. Akahojiwa, akajibu vizuri sana. Hata Dakta Kirk, aliyekuwa rafiki wa Livingstone, alisadiki. Machi 1867 magazeti ya London yakatangaza kifo. Na wakati huo marehemu alikuwa akilikaribia Ziwa Tanganyika kwa miguu yake mwenyewe!

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilitoka Nyasa hata Unguja, na Unguja hata London.

Waliokataa kusadiki hawakuwa wengi. Mmoja ni Sir Roderick Murchison, mkuu wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mwingine ni Bwana Edward Young, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Musa na kuijua tabia yake. Mwaka ule ule wa 1867 Young akatumwa na mashua ya chuma, ikafunguliwa vipande vipande, ikachukuliwa na watu mabegani kuyapita maporomoko ya mto Shire. Alipofika Nyasa akawakuta watu waliomwona “marehemu” akipita salama. Taabu yote hiyo ni kwa sababu ya mtu mmoja aliyeogopa, akaona haya kusema kuwa ameogopa.

Lakini hasara kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 1872 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alileta barua za Livingstone aliyemkuta Ujiji. Safari hii habari ilikuwa kweli, na wako waliosema kuwa barua ni za kughushi, mpaka jamaa zake walipoukiri mwandiko wake. Mei 1873 Livingstone akafa kweli, kijijini kwa Chitambo. Akina Chuma na Susi wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, kazi ya miezi mingi. Ulipofika London mwaka 1874, ilimbidi daktari kwanza autazame mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba zamani. Mwaka 1867 walimwombolezea bila mwili. Mwaka 1874 mwili umekuja, wanataka ushahidi!

Yule Murchison aliyekataa uvumi, jina lake lilipewa maporomoko makubwa ya Uganda. Na hapo hapo, Januari 1954, ndege aliyopanda mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway ilijikwaa katika waya mkuukuu wa simu, ikaanguka. Kesho yake ndege ya pili ikashika moto Butiaba. Magazeti ya dunia yakamzika. Naye, ameumia sana lakini yu hai, akazisoma tanzia zake mwenyewe Nairobi.

Ndugu zangu, tumecheka. Lakini sisi wa wilaya ya Palma tunajua upande usiochekesha. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, jamaa wametawanyika, wengine ng’ambo ya Rovuma. Na leo kila mwenye simu ana gazeti lake mkononi. Hebu fikirini: mke amekalishwa eda, mali imegawanywa kwa warithi, na mwenyewe yuko hai, anatafuta njia ya kurudi kwake.

Tusiulize tu kama mletaji habari ameona. Musa naye alisema ameona! Tuulize ni mtu gani, na atapata nini akisadikiwa. Ndivyo alivyofanya Young, na ndivyo tulivyoamrishwa zamani zaidi katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6: habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mkono wa tanzia ukikawia siku mbili, marehemu hapungukiwi kitu. Na aliye hai hupata nafasi ya kubisha hodi.