Mzee Anayesahau Aimbiwe Nyimbo za Ujana Wake

Mazungumzo kwa familia zinazowatunza wazee



Nyumba nyingi zina mzee anayeuliza swali lile lile mara kumi kwa siku, anayetoka usiku bila kujua aendako, au anayemwita binti yake kwa jina la dada aliyefariki zamani. Wapo wanaonong'ona kwamba huo ni uchawi. Minong'ono hiyo imeua watu. Kilifi na Kisii, wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Ukweli ni kwamba mara nyingi hizo ni dalili za dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Aina yake inayowapata watu wengi zaidi ni Alzheimer.

Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini muziki huweza kumfikia mgonjwa hata pale maneno yanaposhindwa.

Mwimbaji wa Marekani Tony Bennett aligunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka wa 2016. Agosti 2021, akiwa na miaka 95, alipanda jukwaani New York pamoja na Lady Gaga, akaimba. Ubongo huhifadhi muziki katika sehemu nyingi, na baadhi yake huchelewa kuathirika kuliko zile zinazoshika mambo ya jana.

Nyimbo zinazodumu zaidi ni zile ambazo mtu alizipenda kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa mzee wa miaka 78, huenda ni nyimbo za Daudi Kabaka na Fadhili William, taarabu za harusini, kaswida, nyimbo za kanisani au ngoma za kwao. Waulizeni ndugu na marika wake.

Zimeni televisheni kwanza. Wekeni wimbo mmoja kwenye simu, kwa sauti ya wastani, mketi naye na mwimbe pamoja. Jaribuni kabla ya kumwogesha, au jioni anapoanza kuhangaika. Mtazameni usoni. Akipiga makofi au kutikisa mguu, endeleeni. Akilia kwa uchungu au akiziba masikio, zimeni, kwani wimbo mwingine huamsha msiba. Asipokumbuka majina yenu baadaye, msivunjike moyo. Kwa muda wa wimbo ule alikuwa nanyi.

Muziki hauchukui nafasi ya daktari. Mpelekeni mzee kituo cha afya akapimwe, maana upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni na huzuni ya muda mrefu huweza kuleta usahaulifu kama huo, na hayo yana matibabu.

Na yeyote anayesikia mzee akitishwa kwa kuitwa mchawi, asinyamaze. Amjulishe chifu au polisi siku hiyo hiyo.