Kipupwe na mafuta ya vikopo

Kipupwe kimeingia. Kati ya Juni na Agosti, huku Bunju asubuhi huwa na ubaridi, upepo wa kusi unavuma, na watoto wanakwenda shule miguu imepauka kama waliokanyaga majivu.

Wengi wetu hukimbilia maji ya moto na sabuni ya mche. Sabuni hiyo ni ya nguo, jamani! Huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na maji ya moto humalizia. Oga maji ya uvuguvugu, jifute kidogo, kisha jipake mafuta mwili ungali na unyevu. Mafuta ya mgando hayaleti maji. Kazi yake ni kuyazuia yasitoroke. Ukiyapaka juu ya ngozi kavu, umefunga mlango mwizi ameshaondoka.

Linalonitia hofu hasa ni mafuta ya kupima, yasiyo na lebo. Mama anatafuta dawa ya ukavu, kumbe anauziwa mkorogo, ampake na mtoto. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni huweza kuacha madoa meusi. Muulize muuzaji kuna nini ndani. Akijibu, "Yanang'arisha tu, mama," mrudishie kopo lake.