Baiskeli ya Umeme Kutoka Ng'ambo

Msafiri atokaye kwetu Nyamagana kwenda Guangzhou au Dubai, akavutwa na baiskeli ya umeme ya bei nafuu, yampasa atambue kabla hajafungua kibindo kwamba sehemu kubwa ya thamani ya chombo hicho imo katika betri, na kwamba betri hiyo ndiyo ikataliwayo katika uwanja wa ndege: volti 36 zikizidishwa kwa ampea-saa 10 ni wati-saa 360, ilhali kikomo cha abiria ni 160, na ikizidi 100 idhini ya shirika la ndege ni sharti. Basi ama aisafirishe kwa meli kama shehena ya hatari iliyotangazwa, ama, na hili ndilo nilipendalo, anunue Nairobi au Kampala, aje nayo kwa barabara kupitia Sirari au Mutukula, stakabadhi mkononi kwa ajili ya forodha. Nguvu ya mota nayo iulizwe, kwani baiskeli iliyoundwa kwa kufuata sheria ya Ulaya huishia wati 250, na kilima cha Bugando, kwa mwenye kupakia samaki wa soko la Mwaloni, chataka zaidi. Chaja isomwe vilevile: umeme wetu ni volti 230, wa Marekani 120.