Mugumo wa Westlands na Ndege wa Kinangop



Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands, kando ya Waiyaki Way umesimama mti mkubwa wa mugumo. Mwaka 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti huo ulikuwa ung'olewe. Wananchi wakapaza sauti, na mwezi Novemba amri ya Rais Uhuru Kenyatta ikaunusuru.

Sasa mtazame kiumbe mwingine anayehitaji kunusuriwa, ndege mmoja mwimbaji wa uwanda wa Kinangop, Nyandarua. Kifua chake ni cha manjano, kucha zake ndefu; wataalamu humwita Macronyx sharpei. Anapatikana Kenya pekee, naye yumo hatarini kutoweka.

Mugumo huwalisha ndege kwa matunda yake, nao huzieneza mbegu zake. Lakini ndege huyu wa Kinangop hahitaji msitu. Hula wadudu, na kiota chake hukijenga chini, kwenye mashada ya nyasi. Uwanda ukilimwa au ukipandwa mikaratusi, hana pa kwenda. Tena, mti mmoja huokolewa kwa amri moja. Lakini malisho ya Kinangop yamo mikononi mwa wakulima wengi.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujapanda mche, uliza: hapa palikuwa msitu au nyasi? Kama palikuwa msitu, panda miti ya kienyeji. Kama ni nyasi, lisha mifugo kwa kiasi, na mashada uyaache. Kuhifadhi si kupanda miti tu.