Chagua Tairi kwa Barabara, Si kwa Macho



Wenzangu wawili wanaotaka kununua magari makubwa ya umeme wameniuliza: rimu ya inchi 17 au 19? Jibu limo katika hesabu tuliyofundishwa hapa.

Tairi la 235/60 R17 lina upana wa milimita 235. Ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 141. La 235/50 R19 lina ubavu wa milimita 117.5 tu. Vipenyo vya magurudumu hayo hutofautiana kwa karibu milimita 4. Kinachopungua ni mpira ulio kati ya chuma na shimo.

Lami ya Mangaka hadi Tunduru inapita hapa Nakapanya, lakini ukiiacha kuingia vijijini ni changarawe. Huko, usiku mmoja, rimu zangu kubwa za kupendeza zilinipasulia tairi nikiwa nimebeba mgonjwa. La akiba lilikwisha pasuka wiki iliyotangulia. Tulingoja hadi alfajiri. Mgonjwa alipona, aibu ingali nami. Nanyi kumbukeni, magari mengi ya umeme hayabebi tairi la akiba kabisa.

Betri nayo ni nzito. Someni nambari ya uzito: 100 ni kilo 800 kwa tairi, 104 ni kilo 900. Msishuke chini ya iliyowekwa na mtengenezaji, na hakikisheni rimu ndogo haigusi breki.

Vijana, msidharau asilimia.